Baada ya Kipenga cha Mwisho: Ushabiki wa Michezo na Afya ya Akili

SOMO LA AFYA KWA JAMII

Somo hili ni la wananchi wote. Linaweza kusomwa na mtu peke yake, au kujadiliwa katika vikundi vya vijana, vyama, mabaraza ya machifu na kumbi za kutazamia mpira.

Malengo ya somo

Mwishoni mwa somo hili, msomaji ataweza:
1. Kueleza kwa nini mechi humsumbua shabiki mwilini na akilini.
2. Kutambua dalili kwamba ushabiki umeanza kudhuru afya, familia au mfuko.
3. Kupanga siku ya mechi kwa namna ambayo matokeo, yawe mazuri au mabaya, hayataleta madhara nyumbani.

Utangulizi

Mnamo Agosti 22, 2025, Harambee Stars ilikutana na Madagaska uwanjani Kasarani katika robo fainali ya mashindano ya CHAN. Kenya ilikuwa imeongoza kundi lake bila kushindwa. Ilikuwa imezifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Moroko na Zambia, zote 1-0, na kutoka sare ya 1-1 na Angola. Matumaini yalikuwa juu kote nchini. Mechi ilimalizika 1-1, muda wa nyongeza ukapita bila mshindi, na Madagaska ikashinda 4-3 kwa mikwaju ya penalti.

Shabiki aliyekosa hamu ya chakula usiku huo, au aliyekesha akizirudia penalti zile kichwani, hakuwa mgonjwa wala mjinga. Alikuwa akipitia jambo ambalo wataalamu wa saikolojia na madaktari wamelichunguza kwa miaka mingi. Msongo wa shabiki ni wa kweli na unaweza kupimwa. Ukiachwa bila mpango, unaweza kumdhuru shabiki mwenyewe au watu asiowakusudia.

Somo hili halimwambii mtu yeyote aache timu yake. Linamwonyesha kwamba madhara mengi ya ushabiki hutokea katika saa chache baada ya kipenga cha mwisho, na kwamba saa hizo zinaweza kupangwa mapema.

Sehemu ya kwanza: Kwa nini shabiki husema “tumeshinda”

Msikilize shabiki baada ya ushindi. Atasema: “Tumewafunga!” Hakugusa mpira, na pengine uwanja wenyewe uko maelfu ya kilomita kutoka alipo, lakini amejiweka ndani ya timu. Timu hiyo hiyo ikishindwa, wengine hubadilisha maneno: “Wamefungwa tena, hawa watu hawajui kucheza.” Silabi moja tu imebadilika, “tu” ikawa “wa”, na shabiki amejitoa kundini.

Tabia hii ilichunguzwa na mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake nchini Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1976. Waliona kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu walivaa zaidi mavazi yenye jina la chuo chao siku ya Jumatatu ikiwa timu ya chuo ilishinda wikendi. Walipoulizwa kuhusu mechi, walitumia neno la “sisi” zaidi walipozungumzia ushindi kuliko walipozungumzia kushindwa.

Lakini shabiki wa damu hawezi kujitoa kwa urahisi hivyo. Kwake, timu ni sehemu ya jina lake. Ameirithi kwa baba au kaka, ameivalia jezi tangu shuleni, na majirani humwita kwa jina la timu hiyo. Timu ikiaibika, yeye huhisi ameaibika. Ndiyo maana maneno “ni mpira tu” hayamtulizi. Yanaweza hata kumchoma zaidi, kwa sababu yanadharau kitu anachokithamini.

Furaha na huzuni za shabiki pia hazilingani uzito. Watafiti Peter Dolton na George MacKerron wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walikusanya majibu ya maelfu ya watu waliokuwa wakieleza hali zao kupitia simu. Katika ripoti yao ya mwaka 2018, walionyesha kwamba huzuni ya kufungwa ilikuwa takriban mara mbili ya furaha ya kushinda. Kwa hivyo shabiki ambaye timu yake hushinda nusu ya mechi na kushindwa nusu hubaki na deni la moyoni mwisho wa msimu.

Sehemu ya pili: Kinachotokea mwilini

Mwili wa binadamu una mfumo wa kumwandaa kukabiliana na hatari. Anapokutana na nyoka njiani, homoni aina ya adrenalini humwagika katika damu. Moyo hupiga mbio, presha hupanda, misuli hukaza na viganja hutoa jasho. Homoni nyingine, kotisoli, husaidia kuuweka mwili katika hali ya tahadhari kwa muda mrefu zaidi.

Mfumo huo hautofautishi vizuri kati ya nyoka na penalti ya dakika za lala salama. Shabiki amekaa kwenye benchi, hana pa kukimbilia wala wa kupigana naye, lakini mwili wake umejiandaa kwa vita. Nguvu hiyo yote inabaki ndani.

Mfano mzuri ni wa Julai 8, 2014. Brazil, ikicheza nyumbani katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, ilifungwa 7-1 na Ujerumani. Mabao matano yaliingia kabla ya nusu saa kwisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakiongozwa na Martha Newson walikuwa wakichukua sampuli za mate ya mashabiki wa Brazil wakati wa mashindano hayo ili kupima kotisoli. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliojihisi kuwa kitu kimoja na timu yao ndio waliokuwa na viwango vya juu zaidi vya homoni hiyo. Wanawake na wanaume hawakutofautiana. Kinachoamua ni jinsi mtu alivyofungamana na timu.

Kwa mtu mwenye afya njema, kupanda huku kwa homoni hutulia baada ya muda. Tatizo ni pale hali hiyo inapojirudia mara kadhaa kwa wiki, ikichanganyika na pombe, kukosa usingizi na hofu ya pesa zilizowekwa kwenye kamari.

Sehemu ya tatu: Moyo na presha

Mwaka 2006, Ujerumani iliandaa Kombe la Dunia. Madaktari katika eneo la Munich walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo waliohudumiwa wakati wa mashindano na kuwalinganisha na vipindi visivyo na mechi. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura hizo zilikuwa mara 2.66 ya kawaida. Kwa wanaume zilikuwa mara 3.26, na kwa wanawake mara 1.82. Wagonjwa wengi zaidi walipatikana katika saa 2 za kwanza tangu mechi kuanza, na takriban nusu yao walikuwa tayari na ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Siku ya robo fainali dhidi ya Argentina ilikuwa miongoni mwa siku zilizokuwa na wagonjwa wengi, ingawa Ujerumani ilishinda mechi hiyo kwa penalti. Moyo huchoshwa na msisimko wenyewe, hata kama mwisho ni wa furaha.

Nchini Uingereza nako, watafiti waliangalia kumbukumbu za hospitali baada ya timu ya England kutolewa na Argentina kwa penalti mnamo Juni 30, 1998. Wagonjwa waliolazwa kwa mshtuko wa moyo waliongezeka kwa asilimia 25 siku hiyo na siku mbili zilizofuata.

Kwa hivyo mtu mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo hapaswi kuacha kumeza dawa siku ya mechi, hata kama amepanga kunywa pombe. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba hubeba kifaa cha kupimia presha. Ni vyema shabiki mwenye umri mkubwa ajue presha yake kabla ya mashindano makubwa kuanza.

Maumivu au mbano kifuani, kukosa pumzi, jasho la baridi, au maumivu yanayoenea mkononi, shingoni au kwenye taya ni dalili za hatari. Mtu huyo apelekwe hospitalini mara moja. Asisubiri mechi iishe.

Sehemu ya nne: Mechi inapoingia nyumbani

Hii ndiyo sehemu nzito zaidi ya somo. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster walichapisha uchunguzi wa taarifa za polisi wa jimbo la Lancashire, Uingereza, wakati wa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. Taarifa za dhuluma za nyumbani ziliongezeka kwa asilimia 26 England iliposhinda au kutoka sare, na kwa asilimia 38 iliposhindwa.

Nchini Marekani, wachumi David Card na Gordon Dahl walionyesha mwaka 2011 kwamba timu ya kandanda ya Kimarekani iliyotarajiwa kushinda ilipofungwa, visa vya wanaume kuwapiga wake au wapenzi wao viliongezeka kwa asilimia 10. Kama timu ilitarajiwa kushindwa, ongezeko hilo halikuonekana. Matarajio ndiyo yaliyouma. Aliyejiambia “leo lazima” ndiye aliyeumia zaidi.

Takwimu hizi zisieleweke vibaya. Mpira haumpigi mtu. Mamilioni ya mashabiki hufungwa kila wikendi na kurudi nyumbani kwa amani. Anayempiga mke, mume au mtoto ametenda kosa la jinai, na matokeo ya mechi si utetezi mbele ya sheria. Kinachoonyeshwa na tafiti hizo ni kwamba saa za baada ya mechi ni saa za hatari katika nyumba ambazo tayari zina ugomvi.

Watoto huumia hata bila kuguswa. Mtoto anayejifunza kuuliza “leo timu ya baba imeshinda?” kabla ya kuomba pesa za kitabu anaishi kwa hofu. Wahenga walisema hasira hasara, na hasara hii huangukia mtoto ambaye hata sheria za mchezo hazijui.

Sehemu ya tano: Kamari, pombe na usingizi

Mambo matatu huufanya msongo wa shabiki uwe mzito zaidi.

Kamari. Shabiki aliyeweka pesa kwenye mechi hana tena uhuru wa kufurahia mchezo. Kila kona na kila kadi ya njano ni suala la karo au kodi ya nyumba. Akishindwa, hutaka kurudisha kilichopotea kwa kuweka zaidi, na hapo ndipo madeni ya mikopo ya simu huanza. Hesabu ni rahisi. Anayeweka shilingi 100 kila siku hutumia shilingi 36,500 kwa mwaka. Anayeweka shilingi 200 kila wikendi hutumia shilingi 10,400. Mtu aandike kwenye daftari anachoweka na anachopata kwa mwezi mmoja, kisha aonyeshe mtu anayemwamini. Kumbuka pia kwamba sheria inakataza mtu wa chini ya umri wa miaka 18 kucheza kamari, hata kwa kutumia simu ya mzazi.

Pombe. Wengi hunywa ili kutuliza wasiwasi wa mechi. Pombe hupunguza uwezo wa kujizuia, kwa hivyo utani mdogo hugeuka ugomvi. Dereva au mwendesha bodaboda aliyekunywa wakati wa mechi huhatarisha wengi barabarani usiku ule ule.

Usingizi. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huanza saa nne au saa tano usiku kwa saa za Kenya na kuisha saa sita au saa saba. Kombe la Dunia la 2026, linaloandaliwa na Marekani, Kanada na Mexico kuanzia Juni 11 hadi Julai 19, lina mechi 104, nyingi zikichezwa usiku mkubwa kwa saa za Afrika Mashariki. Asiyelala vya kutosha hukasirika upesi, husahau na hufanya makosa kazini. Mwanafunzi husinzia darasani.

Sehemu ya sita: Dalili kwamba ushabiki umevuka mpaka

Kununa jioni moja baada ya kufungwa ni kawaida. Shabiki na jamaa zake wawe macho ikiwa:

- Huzuni au hasira inaendelea kwa siku kadhaa na kumzuia kula, kulala au kwenda kazini.
- Watu wa nyumbani huogopa kuzungumza naye siku za mechi.
- Ameuza kitu, amekopa au ametumia pesa za chakula, karo au biashara kwa ajili ya kamari.
- Amepigana au kuvunja urafiki kwa sababu ya utani wa timu.
- Hawezi kutazama mechi bila pombe.
- Anasema maisha hayana maana, au anazungumzia kujiua, hata kwa mzaha.

Dalili ya mwisho isipuuzwe kamwe. Mwaka 2009, vyombo vya habari viliripoti kwamba shabiki mmoja jijini Nairobi alijitoa uhai baada ya Arsenal kufungwa 3-1 na Manchester United katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Wataalamu wa afya ya akili hufundisha kwamba kifo kama hicho hakiletwi na sababu moja. Mara nyingi kuna mzigo mwingine ambao haujasemwa, kama vile sonona, deni, upweke au ulevi. Mechi huwa tone la mwisho. Ndiyo maana rafiki anapaswa kuuliza mapema, kwa upole: “Mbali na mpira, kuna jambo gani linalokusumbua?”

Sehemu ya saba: Mpango wa siku ya mechi

Kabla ya mechi:
1. Shabiki akubali moyoni matokeo yote matatu: kushinda, sare na kushindwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani.
2. Aweke kando pesa za nyumbani kabla ya kutoka, au amkabidhi mwenzake.
3. Ale chakula na ameze dawa zake kama kawaida.
4. Aambie watu wa nyumbani atarudi saa ngapi na atakuja na nani.

Wakati wa mechi:
1. Mapumziko yatumike kusimama, kutembea na kunywa maji.
2. Moyo ukienda mbio, avute pumzi polepole puani, aitoe polepole zaidi mdomoni, na arudie kwa dakika mbili au tatu.
3. Akiona hawezi kuvumilia, atoke nje. Matokeo yatakuwepo atakaporudi.

Baada ya mechi:
1. Asiende moja kwa moja nyumbani akiwa na hasira. Atembee na rafiki aliye mtulivu kwa nusu saa. Kutembea huutumia mwili ule uliojiandaa kwa vita.
2. Azime simu au aondoke kwa muda kwenye makundi ya WhatsApp ya mashabiki. Kejeli husubiri hadi kesho.
3. Asifanye uamuzi wowote wa pesa au wa ndoa usiku huo.
4. Kesho yake afanye jambo moja analolimudu mwenyewe, kama vile kupalilia shamba, kufua au kucheza mpira na watoto.

Wenye kumbi za kutazamia mpira nao wana wajibu. Wasiuze pombe kwa watoto, waache njia ya kutokea ikiwa wazi, na watenganishe mashabiki mapema ugomvi unapoanza.

Sehemu ya nane: Faida za ushabiki

Mwanasaikolojia Daniel Wann wa Chuo Kikuu cha Murray State, Marekani, amechunguza mashabiki kwa miongo kadhaa. Tafiti zake zinaonyesha kwamba watu waliofungamana na timu ya karibu na nyumbani mara nyingi huwa na upweke mdogo na hujihisi kuwa sehemu ya jamii. Faida hiyo hutokana hasa na watu wanaokutana kwa sababu ya timu, na timu ikifungwa watu hao bado wapo.

Kenya ina mfano wake. Mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards huitwa debi ya Mashemeji, jina linalotokana na jamii za Waluo na Waluhya kuoana. Shemeji hutaniwa, lakini hudhuriwi. Utani wa mashemeji una mipaka: haugusi maiti, ugonjwa wala umaskini wa mtu, na anayetania leo hujua atataniwa kesho. Mashabiki wa timu za Ulaya wanaweza kuazima desturi hiyo.

Wakazi wanahimizwa pia kuhudhuria mechi za timu za wadi zao. Huko shabiki humjua mchezaji kwa jina, hupiga kelele hadi sauti ikauke, kisha hurudi nyumbani mapema, jua likiwa bado linawaka.

Pa kupata msaada

Mtu anayehitaji kuzungumza na mtaalamu aanzie kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au amweleze mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake. Nambari zifuatazo hupigwa bila malipo:

- 1199: Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, msaada wa kisaikolojia.
- 1195: dhuluma za kijinsia na za nyumbani.
- 1192: NACADA, matatizo ya pombe na dawa za kulevya.
- 116: msaada kwa watoto.

Asiwepo anayeogopa kuomba msaada kwa hofu ya kushtakiwa. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mtu aliyefikia hapo ni wa kuhudumiwa na daktari.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini kufungwa kwa timu iliyotarajiwa kushinda huuma zaidi kuliko kufungwa kwa timu iliyotarajiwa kushindwa?
2. Taja mambo matatu ambayo shabiki mwenye presha anapaswa kufanya siku ya mechi kubwa.
3. Jirani anarudi nyumbani akipiga kelele kila timu yake inapofungwa, na watoto wake hukimbilia nyumba za watu. Majirani wafanye nini, na wapige nambari gani?
4. Kikundi kihesabu: mwanachama anayeweka shilingi 150 kwenye kamari mara mbili kwa wiki hutumia kiasi gani kwa mwaka? Pesa hizo zingefanya nini nyumbani?
5. Kila mshiriki aandike mpango wake wa nusu saa ya kwanza baada ya kipenga cha mwisho, na amsomee mtu anayeishi naye.